Mstari wa Arubaini na Moja

Walikuja kuliomba konde langu
kwa kuwa lilikuwa bovu kuliko yote Kiuyu.
"Bi Raya," akasema Mize wa Shaame Faki,
"tunatafuta pahala kiduha kilipokaa kitako."
Nikacheka mpaka ushungi ukaniteremka.
Miaka kumi na moja nalisitiri konde hili,
napanda mihogo ukingoni wapitao wasione,
leo nasifiwa kwa magugu!

Nikampeleka.
Maua mekundu, madogo, mazuri, tusidhulumu,
kama shanga zilizokatika ukumbini,
na juu yake mtama umejikunja, manjano;
mvua yanyesha, nao una kiu.
Mama aliuita uchawi. Akamshuku jirani,
wakafa hawajasalimiana.

Mize akachimba kwa kisu cha jikoni.
Uzi mweupe umeuganda mzizi
kama mtoto mkubwa asiyetaka kuacha ziwa.
"Mbegu yake vumbi," akasema. "Hukaa gizani miaka na miaka.
Mvua peke yake haiiamshi.
Hungoja mzizi useme."

Mzizi husema?

"Ukiwa na njaa husema. Hutoa kitu kama harufu,
kuwaita ukungu wema wa udongoni waje wausaidie.
Kiduha hudukiza."

Usiku ule sikulala.
Bibi alitukataza kuitika tukiitwa gizani mara moja tu.
Kumbe mtama ndio uitao,
na mbaya ndiye aitikaye.

Tukapanda mistari sitini,
kila mmoja na kibao chake cha mbao, namba kwa rangi ya mashua.
Masuke tukayavisha mifuko ya kaki
kama biarusi wasiotakiwa kuonwa.
Msimu wa kwanza, msiba.
Wa pili, msiba wenye daftari.
Wa tatu, mstari wa arubaini na moja:
miche saba imesimama,
na miguuni mwake hapana chekundu.

Mize akachimba. Mizizi misafi.
Akakaa chini vumbini na suruali yake ya kazi,
asiseme neno.
Nikamwambia: nawe umefunzwa na mtama wako.

Lakini punje zilikuwa kama mchanga wa Micheweni.
Nilisonga ugali, Khatib akatia tonge mdomoni,
akanitazama.
"Huu," akasema, "umenyamaza hata ulimini."

Ikabidi kuuoza.
Alfajiri, kabla umande haujakauka,
Mize na koleo ya nyusi, mimi na brashi ya wanja,
tukiutia mnyamavu chavua ya mtama wetu mtamu wa tangu na tangu.
Miaka minne. Nimezika mume hapo katikati.
Siku ya tatu nilirudi kondeni, kwa kuwa maua hayajui eda,
na waliosema wakasema.

Mwaka jana akaniletea alizeti nizipande mipakani.
Hizi hazinyamazi. Hizi huita kwa sauti;
kiduha huamka, huja mbio,
hukuta mlango usio na tundu la ufunguo,
hufa kizingitini.
Basi sasa nina mnyamavu na nina mwongo,
na ugali unalika.

Ingelikuwa hadithi ningeishia hapo.

Juzi, mstari wa arubaini na moja,
mche wa tano kutoka njia ya mbuzi,
ua moja.
Jekundu. Kubwa kidogo kuliko ya zamani, au ni macho yangu.
Nikainama kuling'oa, mkono ukasita,
nikampigia.
Kimya kirefu; nilisikia majogoo ya kwao Matangatuani.
"Usiling'oe," akasema. "Livishe mfuko
lisimwage mbegu. Nakuja.
Hilo limejifunza kusikia mnong'ono."

Nimelivisha kaki, nimelifunga uzi.
Nimekaa pembeni yake na kibao kitupu na kikopo cha rangi,
sijui niliandike namba gani.